Mkalimani wa Kwaya ya Kapata

Mamie Kisimba alikua na lugha mbili, na ya tatu akaiokoteza ukubwani. Baba yake alikuwa Mluba wa Bukama aliyekuja Kolwezi kufanya kazi ya mgodi, na nyumbani alisema Kiswahili cha Katanga kama watu wote wa Kapata. Mama yake alitoka Kasenga, kwenye ukingo wa Luapula, ambako ukipaza sauti mtu wa Zambia anakuitikia kutoka ng'ambo, na mpaka siku anakufa hakuwahi kumgombeza mtoto kwa lugha nyingine isipokuwa Kibemba. Kifaransa Mamie alikipata hospitalini, ambako alifua mashuka kwa miaka kumi na tisa na kujifunza majina ya magonjwa kwa kuangalia madoa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vilivyopaushwa na sabuni, asiyependa kusema mbele ya watu. Darasa la sita ndilo lililokuwa la mwisho kwake. Kwa hiyo kwaya ya kanisa lao ilipoalikwa Kitwe na umoja wa wanafunzi Wakristo wa chuo kikuu, na shemasi Kalumba, kiongozi wa kwaya, akamwambia kwamba yeye ndiye atakuwa mkalimani, alicheka akidhani anataniwa.

"Tata Kalumba, kule ni universite. Mi nitaambia nini bale bantu ba diplome?"

"Utabaambia yenye mi nasema," Kalumba akamjibu. "Wewe ni kinywa tu, mama. Maneno ni yangu."

Hayo yalikuwa ya mwanzo wa mwaka 1993. Kapata ilikuwa imechoka. Tangu mgodi mkubwa uporomoke chini ya ardhi miaka mitatu nyuma, kampuni ilikuwa ikizima mitambo mmoja baada ya mwingine, na wanaume waliozoea kuamshwa na king'ora waliamka hivi hivi na kukaa barazani. Mume wa Mamie, Mukalay, fundi umeme, alikuwa mmoja wao. Watu wanapokosa kazi hutafuta wa kumlaumu, na katika mikutano ya hadhara mwenye lawama alikwisha kupatikana: Wakasai, wale ambao babu zao waliletwa na Wabelgiji kutoka mkoa wa jirani kujenga reli na kushika kalamu ofisini. Kule Likasi walikuwa wamefukuzwa majumbani mwaka uliotangulia. Watu wa Kapata walisikia, wakatikisa vichwa, wakasema hapa kwetu haiwezekani, hapa tumezaliana.

Jirani wa Mamie alikuwa Mkasai. Jina lake Kanku, mshonaji, sauti ya kwanza ya kwaya, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuitia wapita njia. Alizaliwa Kapata, akaolewa Kapata na mwalimu Tshibangu, akazaa watoto watatu hapo hapo. Nyumba zao zilitengwa na ua wa miti tu, na katikati ya ua palikuwa na tundu ambalo hakuna aliyekumbuka nani alilitoboa. Chumvi ilipita hapo, na makaa, na watoto wa kuogeshwa.

Mwisho wa mwezi wa tatu wakaondoka watu kumi, juu ya lori la Tata Abibu. Abibu alikuwa Mwislamu, mzee ambaye baba yake alitoka Kasongo, aliyekuwa akienda Zambia kuleta unga wa mahindi, na alikubali kuwabeba kwa sharti kwamba wasiimbe akiwa anaswali. Katika hao kumi, saba walikuwa Wakatanga. Watatu walikuwa Wakasai: Kanku, na mwalimu kijana Mianda, na mke wake Kabedi. Lakini siku ile hakuna aliyehesabu hivyo. Walipopita Likasi, wakaona stesheni imejaa watu waliolala chini ya maplastiki, wimbo uliokuwa unaimbwa ukakatika wenyewe. Mamie alimtazama Kanku. Kanku alikuwa anatazama mikono yake. Kilomita kumi mbele mtu akaanzisha wimbo mwingine, na wote wakauitikia kwa haraka.

Kitwe waliwakuta wanafunzi wanawangoja getini tangu asubuhi. Mamie alikuwa amejiandaa kuogopa. Badala yake msichana mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, alimpokea furushi, akapiga goti na kumsalimu kama anavyosalimiwa mama wa mtu. Aliitwa Chilufya. Alikuwa anasomea uchoraji wa majengo, na alitoka kijiji cha ukingo ule ule wa Luapula ambao mama yake Mamie aliuona kila asubuhi ya utoto wake. Aliposikia Kibemba cha Mamie aliziba mdomo.

"Mama, unasema kama bibi yangu. Maneno hayo mengine watu walishayasahau."

"Mimi sikuwa na mtu wa kunisahaulisha," Mamie akamwambia.

Toka hapo Chilufya hakubanduka. Alimtia Mamie na Kanku chumbani kwake, yeye na mwenzake wakalala sakafuni, na wageni walipokataa akasema vitanda vyenyewe ni vibovu, wasifikirie wamependelewa. Ukutani alikuwa amebandika michoro ya nyumba zilizoonekana kwa juu, kama zimevuliwa paa. Kanku, ambaye maisha yake yote alikata vitambaa kwa kufuata mistari, aliielewa kabla ya kuelezwa. Alipitisha kidole juu ya kuta, akasema kwa Kiswahili, "Hii ni patroni. Patroni ya nyumba." Mamie alipotafsiri, Chilufya alicheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa wiki ya namna hiyo. Asubuhi kwaya iliimba ukumbini, Kalumba akihubiri na Mamie akisimama ubavuni mwake, macho yameinama, akiyageuza maneno moja moja. Mchana walitembelea wanafunzi vyumbani. Jumatatu wasichana walileta mizizi ya kikanda, ile inayotwangwa na kupikwa na karanga mpaka ikagandamana kama mkate, wakashangaa kwamba Kolwezi pia inaliwa. Kanku akawaondoa kwenye kinu, akawaonyesha inavyotwangwa kwao Kapata, na ukatokea ubishi mkubwa juu ya magadi, kila upande ukidai mwenzake anaharibu chakula. Jioni ile walikula bukari, ugali wa kwao, pamoja uani, na wanafunzi kumi na wawili walijifunza kuimba mstari mmoja wa Kiswahili.

Palikuwa na kijana mmoja asiyeimba. Aliitwa Kapembwa, wa mwaka wa nne, anayesomea uhandisi wa migodi. Alikaa nyuma ukumbini, mikono mfukoni, na Jumanne akamfuata Mamie alipokuwa anaanika kanzu za kwaya.

"Mama, wewe si mhubiri. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Baba yangu alikufa kwa vumbi la mgodi. Alikohoa miaka minne. Alikuwa mtu wa kanisa kuliko hawa wote. Mmetuletea nini kwa jambo kama hilo?"

Mamie alibana kanzu kwenye kamba. Alijua jibu ambalo Kalumba angelitoa, na alijua kwamba hawezi kulisema.

"Sijui," alisema. "Mimi nafua mashuka ya watu kama baba yako. Kuna madoa hayatoki. Wenzangu husema tuyatupe. Mimi huyafua tena, siyo kwa sababu yatatoka. Naona tu siwezi kumlaza mtu mwingine juu yake kabla sijajaribu."

Kapembwa akatoa mikono mfukoni. Akachukua upande wa pili wa kanzu iliyofuata, wakaikamua pamoja. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa, wakaongea juu ya Kolwezi, juu ya bibi yake aliyeuza samaki wakavu mpakani Kasumbalesa, juu ya mitihani. Mamie alikuwa na miaka arubaini na moja na hakuwahi kuulizwa maoni yake na mtu aliyesoma. Usiku wa Alhamisi alimwambia Kanku, kitanda kwa kitanda, kwamba bado siku mbili na tayari anasikia uchungu wa kuwaacha watoto hawa.

"Batakuja," Kanku akasema. "Chilufya aliapa. Mi nitamushonea robe."

Tata Abibu alirudi Ijumaa saa tisa alasiri, siku moja kabla ya tarehe yao. Kwaya ilikuwa ukumbini inajiandaa kwa ibada ya kuagana, na wanafunzi walikuwa wanapanga viti. Mamie alimwona mlangoni, akampelekea maji. Mzee alilishika kopo bila kunywa.

"Kanku iko wapi?"

"Iko ndani, anapiga kanzu pasi."

"Basi usimwite bado. Mwite Tata Kalumba."

Lakini Kanku alikuwa amekwisha kumwona, akatoka, na nyuma yake wakatoka wengine, na Abibu hakuwa na nguvu za kuwatenganisha. Akasema huku anatazama kopo. Jumanne asubuhi vijana waliingia Kapata, na Musonoi, na mitaa yote. Nyumba za Wakasai zilikuwa zimetiwa alama. Waliwapa watu muda wa kubeba kile mkono unachoweza. Waliobisha walipigwa, na mwalimu mmoja wa Musonoi hakuamka tena. Waliobaki wote wako stesheni, maelfu, wanangoja gari moshi la kuwapeleka Kasai.

"Mwalimu Tshibangu nilimuona," akamwambia Kanku. "Iko na batoto botatu. Anakaa kule kwa gare, chini, pembeni ya rails."

Kanku hakulia. Aliuliza, "Na nyumba?" Abibu akatikisa kichwa.

Wanafunzi walikuwa wameacha viti. Chilufya alikuwa amemshika Mamie mkono, anauliza kuna nini, nani amekufa. Mamie akafungua kinywa na Kibemba kikakataa kuja. Ndipo Kalumba akaanza kusema.

Baadaye, kwa miaka mingi, Mamie alijaribu kueleza namna Kalumba alivyosema, na hakuna aliyemwelewa. Watu walidhani alifoka. Hakufoka. Alikuwa anakunja kanzu yake ya kwaya, mikono kwa mikono, pindo kwa pindo, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyosomea Zaburi asubuhi.

"Bandugu, tusichanganye roho. Kila mutu iko na kwao. Bilulu inarudia kwao, njo mambo imefika. Hakuna chuki. Lakini kwa barrière ya njia, bakikuta tuko na bilulu mu kamio, batatupiga sisi wote. Kwa hiyo bale batatu babakie huku. Sisi tutarudi."

Bilulu. Wadudu. Neno la mikutano, neno la kuta za sokoni. Mamie alilijua. Alikuwa amelisikia kwenye kiwanja cha mpira mwaka uliopita, msemaji akilirudia kwa mbwembwe, na yeye, katikati ya wanawake wenzake, alikuwa amecheka kwa sababu msemaji alikuwa mcheshi. Lakini hakuwahi kulisikia likisemwa mbele ya Kanku. Alimtazama Kalumba usoni akitafuta mtu mwingine aliyejificha ndani yake, na hakumwona. Alikuwa ni yule yule. Asubuhi ile ile alikuwa amewaombea wanafunzi mitihani yao.

"Amesema nini, mama?" Chilufya akauliza.

"Amesema lori ni dogo," Mamie akajibu kwa Kibemba. "Wote hawawezi kutosha."

Kisha Kapembwa, aliyesimama nyuma ya viti na mikono yake mfukoni, akasema taratibu, "Mama, nimekulia Kasumbalesa kwa bibi yangu. Kiswahili si kingi, lakini hilo silo alilolisema."

Mamie alisikia uso unamwaka moto. Wiki nzima alikuwa amesimama mbele ya watoto hawa, akigeuza maneno ya mtu mwingine bila kuongeza wala kupunguza, na sasa alikuwa amekamatwa na uongo kinywani kama mwizi na kuku.

"Bilulu ni nini?" Kapembwa akauliza.

"Ni wadudu," akasema. "Amesema wenzetu watatu ni wadudu. Amesema wabaki huku kwa sababu tukirudi nao tutapigwa. Kule nyumbani wamefukuzwa wote."

"Na wewe husema hivyo?"

Hakuuliza kwa ukali. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. "Sijalisema," Mamie akajibu. "Lakini nimelisikia mwaka mzima, na sijamwambia mtu hata mmoja anyamaze. Siku moja nililicheka."

Wanafunzi wakaanza kuwatazama wanakwaya mmoja mmoja, watu kumi wenye kanzu za namna moja, na Mamie akaona kitu ambacho kilimtisha kuliko yote: hawakujua. Wiki nzima wamekula nao, na hawakujua nani ni nani. Chilufya ndiye aliyeuliza kwa sauti. "Ni akina nani? Hao wadudu ni akina nani kati yenu?"

Swali lilikuwa la Kibemba na ilimpasa Mamie alitafsiri. Hakulitafsiri. Lakini Kanku hakuhitaji. Aliinua mkono wake kama mwanafunzi darasani.

"Ni mimi," akasema. "Na Mianda, na Kabedi."

Chilufya alivuka viti akaenda kusimama karibu yake, akamshika kiwiko, na hakumwachia alasiri yote.

Ibada ya kuagana haikufanyika. Kalumba na wenzake watano walikwenda kukaa upande mmoja wa uwanja na mizigo yao, na wanafunzi waliwapelekea chakula kwa heshima ile ile, jambo lililomuuma Mamie kuliko kama wangewanyima. Mwalimu mmoja wa chuo alikuwa na chumba kitupu nyuma ya nyumba yake; huko wakapata mahali Mianda na mke wake, ambao hawakuwa na mtoto wa kurudia. Walimsihi Kanku akae nao.

"Batoto bangu beko kwa gare," alijibu. Na kila waliposema zaidi, alirudia hayo hayo.

Asubuhi Kalumba alimwambia Abibu hawezi kupanda lori lenye huyo mwanamke. Abibu akajibu kwamba lori ni lake. "Baba yangu alitoka Kasongo. Leo ni bale Bakasai, kesho nani anajua? Mutu yeyote anaweza kupanda, mutu yeyote anaweza kwenda na basi." Kalumba na kundi lake wakaenda na basi. Alipopita mbele ya Mamie alisimama.

"Mama Mamie, uko Mukatanga. Kumbuka bwana yako."

Mamie akampa kisogo. Akapanda lori, akakaa karibu na Kanku.

Kapembwa aliandika barua kwa karatasi ya umoja wa wanafunzi, yeye ambaye hakuwa hata mwanachama, kwamba mwenye barua hii ni mwanafunzi wa Kitwe anayekwenda Kolwezi kwa kazi ya Injili. Katibu akaigonga muhuri mara mbili. Chilufya alimvalisha Kanku sketi yake ya chuo na sweta, akamfundisha kujibu maneno matano ya Kibemba, na kila alipokosea alimrekebisha bila kumtazama, kwa sababu miwani ilikuwa imejaa machozi.

Kizuizi kilikuwa kwenye mlango wa Kolwezi, mchana kweupe. Gogo njiani, vijana kama ishirini wenye vyuma. Mmoja aliichukua barua, akaigeuza huku na huku, akatazama muhuri. "Huyu ni wa wapi?"

"Zambia," Mamie akasema. "Mwanafunzi. Hasikii Kiswahili."

Walimwamini. Na kwa kuwa walimwamini, walisema mbele yake walichotaka. Walihadithiana mambo ya Jumanne: nani alikimbia na chupi, nani aliomba kwa magoti, mwalimu gani alilia kama mtoto. Kanku, aliyezaliwa kilomita tatu kutoka gogo lile, aliyejua mama za baadhi yao, alikaa juu ya magunia na tabasamu la mgeni asiyeelewa. Mmoja wao alimpa muwa. Akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante kwa Kibemba. Gogo likaondolewa. Lori lilipokwisha kukata kona alianza kutapika, akatapika mpaka stesheni.

Stesheni ya Kolwezi ilikuwa imekuwa mji. Mamie alidhani watamtafuta Tshibangu siku nzima, lakini watu walikuwa wamejipanga kwa njia walizoishi: hapa watu wa mtaa huu, pale wa mtaa ule, kila jirani na jirani yake, kwenye kokoto. Walipofika sehemu ya Kapata, Mamie aliona wanawake waliomuuzia samaki, wauguzi aliofanya nao kazi, mzee aliyemzika baba yake. Hakuna aliyemsalimu. Tshibangu alikuwa ameketi juu ya sanduku, watoto wamelala miguuni pake. Alimwona mke wake na hakusimama.

"Ulirudia nini?" alimwuliza. "Mi nilishukuru Mungu kwamba wewe uko inje."

Mamie aliwaacha hapo akaenda nyumbani kwa miguu. Kwenye madirisha ya Kanku kulikuwa na mapazia ya mtu mwingine, na mwanamke asiyemjua alikuwa anafagia lupango, uwanja wa nyumba. Aliingia kwake. Juu ya meza yake ilikuwa cherehani ya Kanku.

Mukalay alikuwa amekaa kando yake kama mlinzi. Alisema haraka kabla hajaulizwa. Walikuja na orodha, alisema. Kila nyumba ya Mkatanga ilitakiwa itoe mwanamume mmoja. Alisimama njiani tu, hakumgusa mtu. Watu walipoanza kubeba vitu alichukua cherehani, kwa sababu asingeichukua yeye angeichukua mwingine. Alikuwa anamwekea Kanku.

"Tshibangu alikuona?" Mamie akauliza.

"Aliniona."

"Ulimwambia kwamba unamwekea?"

Mukalay akafuta vumbi juu ya cherehani kwa kiganja. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili. Mamie alisimama mlangoni na kanga ya safari mabegani, akimtazama mtu ambaye siku zote aliogopa hata kuchinja kuku, na hakuweza kujua kama anasema kweli. Aliishi naye miaka mingine mingi baada ya hapo, na kwa jambo hilo moja hakuwahi kujua.

Kesho yake aliazima toroli, akaifunga cherehani kwa kamba, akaisukuma mwenyewe barabarani toka Kapata hadi stesheni, watu wakimwangalia. Kanku alipoiona alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Kitwe. Akasema kwenye behewa hata mtu hapati nafasi ya mguu, airudishe. Kisha akaifungua chini, akatoa kibweta cha uzi wa chini, kile kidogo cha chuma ambacho bila yake mashine haishoni, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Sitaki mutu ashonee humu," alisema. "Hata wewe."

Wiki tano Mamie alipeleka bukari stesheni kila alipotoka kazini. Kanisani waliacha kumpa nafasi kwenye benchi. Akahamia nyuma, kisha akaacha kuimba. Siku moja ya mwezi wa tano alifika na sufuria kichwani akakuta sehemu ya Kapata ni kokoto tupu na majivu. Treni ilikuwa imeondoka saa nne, akiwa anafua.

Habari zilikuja baada ya miezi tisa, mdomoni mwa fundi wa reli: Kanku alifika Mwene-Ditu. Alifika na watoto wawili. Surua ilikuwa imeingia behewani.

Wanafunzi walitimiza ahadi. Agosti 1994 Chilufya na Kapembwa walikuja Kolwezi kwa lori la Abibu, wakiwa na salamu za Mianda, ambaye sasa alifundisha Kifaransa Kitwe. Kalumba aliwakaribisha mimbarani kama watoto wa nyumbani, akaagiza Mama Mamie apite mbele kutafsiri. Mamie alipita. Alitafsiri hotuba yake yote ya makaribisho, neno kwa neno. Kisha Chilufya akasimama kujibu. Alisema anawashukuru kwa wiki ile ya Kitwe, ambayo hajaisahau, na kwamba amekuja kumsalimu Mama Kanku, na angependa kuonyeshwa mahali alipokuwa akikaa ndani ya kanisa hili.

Safari hii Mamie hakupunguza kitu. Aliinua kichwa, akayasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata walio uani waliisikia. Mtoto alilia mahali, akanyamazishwa. Baada ya muda Kalumba akasema, "Tuimbe," na watu wakasimama kwa kelele ya viti, wakaimba vibaya, kila mmoja kwa ufunguo wake.

Jioni Mamie alikuwa anasonga bukari ya wageni, na Kapembwa anachochea moto, mwanamke wa nyumba iliyokuwa ya Kanku alipokuja kwenye tundu la ua. Alikuwa amekaa pale mwaka na nusu, na hakuwahi kusema zaidi ya salamu. Alisimama akichuna majani ya mti.

"Ule mama benye banasema leo kanisani," alisema, "alikuwa na batoto?"

"Botatu," Mamie akajibu.

"Mi nilipewa nyumba na muntu wa bureau. Aliniambia haina wenyewe." Akachuna jani jingine. "Banaitwa nani?"

Mamie akaweka mwiko chini. Akamtajia majina yao, mkubwa, wa kati na mdogo, na akamwambia ni yupi aliyekufa njiani. Mwanamke yule akageuka, akaingia ndani, na taa ya kule haikuwashwa usiku ule.